Mize Amekataa Kulala

Mtoto hataki kulala. Ningekuwa naishi mahali pengine, kama pengine papo, neno hili lingeishia jikoni kwangu. Ningenung'unika, jirani angenicheka, angesema ni meno hayo, yatapita, na kesho yake tungekuwa tumesahau. Lakini kwetu sisi mtoto huyu akikataa kulala hakuna anayelala, na hiyo kesho yenyewe haiji. Tumo ndani ya leo moja, tumekaa humo mpaka imeanza kunuka jasho.

Nieleze, maana nasikia kuna watu huzaliwa chini ya jua. Sisi hatuna. Mbingu yetu ina weupe mmoja tu, weupe wa maji yaliyooshewa mchele, hauzidi wala haupungui. Chini yake kuna mji, na kuuzunguka mji kuna ukuta wa magogo. Hakuna kinachochomoza, hakuna kinachotua. Waliotutangulia waliogopa kwamba kila mtu atalala kwa wakati wake na kuamka kwa wakati wake, mwisho wake hakuna atakayemkuta mwenzake sokoni, basi wakakubaliana kumfuata mtoto. Mdogo kuliko wote aliyekwisha kutembea ndiye Mlalaji. Akifumba macho, mama yake hupandisha kanga nyekundu juu ya mlingoti ulio mlangoni, na kila aionaye hujilaza palepale alipo. Akifumbua, mama hupiga upatu wa shaba, na hiyo ndiyo asubuhi. Ili mama asipitiwe, hufungwa uzi, ncha moja mguuni kwa mtoto, ncha nyingine mkononi mwa mama. Mtoto akijinyoosha, mama huvutwa, mji huamka. Usicheke. Na wewe kuna kitu unakifuata, hujakaa ukakitazama tu.

Mlalaji wetu wa sasa ni Mize, binti yangu. Mimi ni mama yake. Jina langu la zamani nililiacha mahali fulani nilipomzaa, na sijapata nafasi ya kurudi kulitafuta. Watu huniita Mama Mize, hata baba yake, Pandu, huniita hivyo, na mara nyingine nikiwa nimechoka huinama kwenye maji ya beseni nikamwona mtoto ananitazama, nikajiuliza ni nani hasa amemzaa mwenzake.

Usingizi wake nilikuwa naujua kama ninavyoujua mwiko wangu. Akishiba uji, anasugua sikio la kushoto. Akisugua sikio, Riziki, mwoka mikate wa nyumba ya mbele, anatoa mikate ya mwisho tanurini. Mize anapanda mkekani, anageukia ukuta, anavuta pumzi moja ndefu, kwisha kazi. Mji mzima ulikuwa umepangwa juu ya pumzi ile, na mimi, nisiwe mnafiki, nilijiona mtu mkubwa. Nilikuwa mama wa asubuhi. Sokoni watu walinipisha.

Kisha, ghafla.

Niliamshwa na kilio, wala si uzi. Masikio yangu yalikuwa yameshaacha kazi, yanangoja mkono uvutwe, kwa hiyo sijui mtoto alilia muda gani kabla sauti haijanifikia. Alikuwa ameketi kifuani kwangu, amenishika mashavu, koo limemkauka. Uzi ulikuwa sakafuni, umefunguliwa. Nilipiga upatu, mji ukaamka, na hakuna aliyeuliza kitu. Pandu alisema mtoto ameufungua mwenyewe. Nikamwambia fundo langu mimi hata wewe huliwezi, seuze mtoto ambaye kuvaa suruali ni vita.

Tangu hapo Mize hajalala. Akianza kusinzia hujizindua mwenyewe kama aliyekanyaga kaa la moto. Anaomba maji. Anataka kukojoa. Anasimama, anaanguka, anasimama. Na mimi nikijilaza kando yake ili aige, anapanda juu yangu, anachukua vidole vyake viwili vyenye mabaki ya uji na kunifungua kope.

"Mama, macho," anasema. "Fungua macho."

"Nimefungua."

"Usifunge."

Tena anasema mambo. Anaonyesha mlangoni na kusema watu wanabeba ukuta. Mara ya kwanza tulicheka. Pandu alisema huyu atakuja kuwa mwongo mzuri, tumpeleke sokoni akauze samaki wa juzi. Mara ya pili hatukucheka sana, lakini pia hatukusikiliza. Mtu mzima akichoka kusikiliza huwa anasema mtoto anaota, hata kama mtoto mwenyewe ndiye pekee ambaye hajalala.

Nani mwenye wakati? Nilikuwa sijawahi kuuliza. Nilidhani wakati ni wa mtoto, kwa kuwa ndiye anayeufungua na kuufunga. Lakini sasa mtoto ameugomea, na nawaona watu wanavyomtazama, nafahamu kwamba hakuna anayemheshimu. Walikuwa wanaheshimu usingizi wake. Yeye mwenyewe, mwenye kamasi na mapaja yaliyojaa joto, ni kitu kilichouziba usingizi, na kitu kikiziba huzibuliwa.

Wameegemea ua wetu, mji mzima. Macho mekundu, midomo imekauka. Mtu mmoja ametia chumvi kwenye chai akainywa yote bila kujua. Wawili wamepigana kwa ajili ya kivuli, na kivuli chenyewe kwetu hakipo. Riziki ameunguza mikate, ameikalia, analia taratibu. Wengine wanamwimbia Mize nyimbo za kubembeleza kwa meno yaliyoumana. Sijaona jambo la kutisha kama watu wazima wanaombembeleza mtoto kwa hasira. Mize amejibanza nyuma ya mguu wangu, anasugua sikio la kushoto, na macho ameyatoa.

Ndipo akaja Ngwali, Msimamizi wa Utulivu.

Ngwali ndiye anayeuangalia mji. Shati lake huwa limepigwa pasi, sauti yake haipandi. Tangu namjua ni mtu wa kupiga miayo, asubuhi ikiwa mbichi kabisa, sote tumeamka na nguvu zetu, yeye anapiga miayo, na tulimpenda kwa ajili hiyo. Tulisema maskini, mzigo wa watu wote uko mabegani mwake. Ni yeye aliyetueleza kwa nini mji umekuwa mdogo, kwamba tunazaana ovyo. Ni yeye aliyetueleza kuhusu kisima. Zamani kisima kilikuwa nyuma ya jiko langu. Siku moja tuliamka tukakikuta nje ya ukuta, na Ngwali akatuambia kwa upole kwamba visima huhama, vina tabia hiyo, na kwamba watu wake watakuwa wanatuletea maji. Tukashukuru. Ndiyo, tulishukuru.

"Mama Mize," alisema, akainama kumtazama mtoto, "huyu bibi mdogo ana nini?"

"Hana homa, Bwana Msimamizi. Hana jino. Anaogopa tu."

"Anaogopa nini?"

"Hajasema kitu cha kueleweka."

Nilimwona akishusha mabega, kidogo sana. Akatoa mfukoni chupa nyembamba na kijiko.

Riziki, aliyekuwa amekaa juu ya mikate yake, aliinuka aliposikia kijiko kikigonga chupa. Akatazama mlangoni kwake. Pale mlangoni, kwenye kiti kidogo, anakaa Siwatu, binti yake, ambaye alikuwa Mlalaji kabla ya Mize. Siwatu naye, alipokuwa na umri huu, alianza kusumbua usingizi, akapewa kijiko. Alilala vizuri mno. Mji ulifurahi. Ila tangu hapo hajaamka akaisha kuamka. Macho yako wazi, anakula ukimlisha, anatabasamu ukutani. Mama yake anamsuka nywele na kumsimulia habari za unga.

"Shoga," Riziki aliniambia, na sauti yake haikuwa na machozi tena, "mimi nilikubali kwa sababu nilikuwa nimechoka."

Ngwali alimngoja amalize, kwa adabu, kisha akanigeukia.

"Watu wanateseka, mama. Tazama mwenyewe. Nitazunguka mji mara moja, niwatulize. Nikirudi nikakuta kanga haijapanda, tutampa kijiko. Hakuna anayependa."

Alipogeuka kuondoka alikuwa na haraka, mtu ambaye sijawahi kumwona na haraka. Nikajiuliza, katika mji ambao kazi zote zimesimama, yeye ni kazi gani anayoichelewa.

Tuliingia ndani, mimi, mtoto na baba yake. Pandu alianza kufanya yale yale: kumlaza, kumfunika, kumwambia lala mwanangu, lala usije ukatuponza. Anampenda, nisimsingizie. Lakini mikono yake ilikuwa inabonyeza. Mize akaanza kupiga mateke, na mimi nikaona kijiko, nikaona kiti kidogo mlangoni, nikaona nikimsuka nywele na kumsimulia habari za unga kwa maisha yangu yote.

"Mwache," nikasema. "Mwache kwanza."

Nikakaa chini, tukawa tunalingana. Nikafanya jambo ambalo katika mji mzima, pamoja na nyimbo zote zile, halikumjia mtu. Nilimuuliza.

"Mize, ukilala kunatokea nini?"

Alinitazama muda mrefu, akipima kama swali ni la kweli.

"Mama anakufa," akasema.

"Mama hafi. Mama analala."

"Nilimwita Mama. Mama haji. Baba haji. Wote puu." Akaonyesha kwa kiganja jinsi watu wanavyolala chini. "Mize peke yake. Watu wanabeba ukuta."

Pandu alikaa kwenye kinu. Kumbe ndivyo tulivyo tunapotazamwa na mtoto. Tumemfanya ufunguo, na ufunguo ukazindukana ndani ya kitasa, ukakuta nyumba imejaa maiti. Vizazi vyote vya mji huu hakuna mtoto aliyewahi kulala akiwa ameachiwa mtu aliye macho. Tulidhani tunamfuata, kumbe tulikuwa tunamkimbia, kila akifumba macho tunamkimbia, mama yake akiwa mbele.

"Sikiliza," nikamwambia. "Leo wewe unalala, mimi silali."

"Mama Mize," Pandu akasema.

"Silali. Nitakaa hapa hapa. Ukifungua macho utaniona."

"Mama Mize, unajua kinachompata mtu anayebaki macho kanga ikiwa juu. Anafutika. Wenzake wote wamelala, nani atakuwa anamjua kwamba yupo? Anafutika, mwanamke, wanaamka hawakumbuki hata kwamba walikuwa naye."

"Nimesikia habari hizo tangu utotoni."

"Sasa?"

"Sasa nimekwambia. Kama nitafutika, wewe mlee. Uji wake usiweke sukari nyingi."

Alitaka kubisha. Alinitazama, akamtazama mtoto ambaye alikuwa ameshaweka kichwa mapajani mwangu, akaiendea kamba ya mlingoti. Nikafunga uzi, mguu wake kwa mkono wangu. Mize akanishika ncha ya gauni. Akafungua jicho moja, nikamfungulia langu. Akafunga, akafungua, nipo. Akafunga. Akasugua sikio. Ikaja ile pumzi moja ndefu, ambayo mji mzima ulikuwa unaililia, na sikuisikia kwa furaha, niliisikia kwa woga, maana sasa ilikuwa zamu yangu.

Pandu akavuta kamba, kanga ikapanda. Kisha akajilaza miguuni kwangu kama mtu anayeaga.

Sikuwahi kuona mji ukilala. Hakuna mlalaji anayeuona. Kupitia mlango uliokuwa wazi niliwaona wakianguka kwa shukrani, mmoja baada ya mwingine, kwenye ua, barabarani, juu ya magunia. Riziki alikuwa anakuja kwetu, sijui kunizuia au kunisaidia. Kanga ikamkuta kizingitini, akalala na mkono wake umefika begani kwa Pandu. Mwenye chumvi kwenye chai alilala amekumbatia kikombe. Kukawa kimya. Nikaangalia vidole vyangu, nikingoja vianze kupotea. Havikupotea. Nikavihesabu, nikavibana, vikauma.

Nipo, nikasema moyoni. Hakuna anayenijua na nipo. Hapana: huyu mdogo ananijua akiwa usingizini, ndiyo maana amelala. Au nipo hivi hivi tu, bila shahidi, nilikuwepo muda wote, na hofu ile ya kufutika tuliwekewa na mtu. Na kama tuliwekewa, mtu huyo alitaka nini na macho yetu yaliyofumbwa? Nikalizungusha swali hilo, sikutaka kulijibu, na jibu lenyewe likaja kwa miguu.

Nilisikia miti ikikwaruza. Watu walikuwa wanatembea kati ya waliolala, wakiruka vichwa vyao kwa uzoefu, mabegani wamebeba magogo. Walikuwa wanang'oa ukuta upande wa mashamba na kuusimika tena, karibu zaidi. Walifanya kazi bila neno, kama watu wanaoijua njia gizani, ingawa kwetu giza halipo. Ukuta ulipita nyuma ya tanuri la Riziki, ukalitenga, ukasimama. Tanuri likawa la nje. Nikajua kwamba tukiamka tutaambiwa matanuri nayo huhama, na tutashukuru kwa mikate tutakayoletewa.

Mize hakuwa anaota. Aliamka akawaona, akaniita, na mimi nilikuwa puu.

Hapa ndipo nilipokwama. Upatu ulikuwa karibu na mkono wangu. Nikiugonga, mji wote unaamka, wote wanaona magogo mabegani. Lakini nikiugonga Mize anashtuka, anazinduka katikati ya kelele na watu wanaopigana, baada ya kuniamini mara moja tu. Hatalala tena. Na kinachomngoja mtoto asiyelala mji mzima unakijua, kipo kwenye chupa nyembamba. Nilimtazama amefungua mdomo kidogo, jasho limemlowa shingoni, ngumi imeng'ang'ania gauni langu. Mkono wangu ukaenda kwenye upatu, ukarudi. Ukaenda, ukarudi.

Ngwali akaingia. Alikuwa haangalii usoni, alikuwa anaangalia mguuni kwa mtoto, amenyoosha vidole kuufungua uzi, kwa urahisi wa mtu aliyeufungua mara nyingi. Kumbe kila tukilala unafunguliwa, na kazi ikiisha unafungwa tena, na mara ile moja Mize aliamka kabla hawajaufunga. Akainua macho, akakutana na yangu.

Sijawahi kumwona mtu akiogopa bila kusogea.

"Lala, mama," akanong'ona.

"Silali."

"Utafutika."

"Ulipofutika wewe uliumia?"

Alitazama chupa mfukoni mwake, akamtazama mtoto. Nikaelewa anachokipima. Hawezi kumchukua, akimgusa ataamka, na akiamka atalia, na ninao upatu. Nami siwezi kuupiga. Tulikuwa tumekabiliana juu ya pumzi ya mtoto mmoja, yeye na nguvu zake zote, mimi na gauni langu lililoshikwa.

Akavuta kigoda taratibu, akakaa mlangoni, akaipishanisha mikono.

"Umekaa macho tangu mwanzo wa leo hii," akanong'ona kwa upole wake ule ule. "Mimi nimezoea. Nitangoja. Ukisinzia tu, naufungua uzi, namaliza kazi yangu, na ukiamka utadhani uliota. Hivyo ndivyo ilivyo rahisi, mama. Wala sikuchukii."

Nje magogo yaliendelea kukwaruza.

Tukatazamana. Mwanzo hasira ilinisaidia, kisha hasira nayo ikachoka. Kope zikawa nzito. Nikawa mimi ndiye nimelala mapajani, na mtu mkubwa ananiangalia kutoka juu, nikamnyooshea vidole vyenye uji, nikamwambia Mama, macho. Usifunge. Akasema nimefungua. Nani alisema? Nikajikuta nimeinamisha kichwa, na Ngwali ameshapiga goti moja. Nikainua kichwa. Akarudi kwenye kigoda. Hakutabasamu, lakini alipiga mwayo, mwayo wake mkubwa tuliokuwa tunampendea.

Peke yangu sitaweza. Lilinijia wazi hivyo, na lilinikasirisha, maana nilikuwa nimeanza kujiona shujaa. Hakuna anayeweza kukaa macho milele. Mtoto hakuweza, mimi sitaweza. Na katika mji wetu mtu asiye mama wa Mlalaji huamka kwa upatu tu, wote pamoja, kwa kelele, au haamki kabisa. Hatujui njia nyingine. Hakuna hata aliyewahi kujaribu.

Miguu yangu ilikuwa imenyooka, na Pandu amelala mwisho wake.

Nikausogeza mguu mmoja, mtoto asitikisike, mpaka kidole gumba kikagusa ubavu wa mume wangu. Ngwali hakukiona, alikuwa anangoja macho yangu. Nikambonyeza. Pandu akaguna. Nikambonyeza tena, pale ninapojua anapotekenyeka. Macho yake yakafunguka, taratibu, yakiwa na mshangao wa mtu anayeamka bila asubuhi. Upatu haukulia. Mapajani kwangu Mize aliendelea kuvuta pumzi. Ngwali aligeuza shingo, akamwona Pandu ananitazama, na mikono yake aliyokuwa ameipishanisha ikaachana.

"Usiseme neno," nikamnong'oneza mume wangu. "Tazama mlangoni. Halafu mguse Riziki."